Mkoba wa Kiunoni Alioudarizi Mama

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Tangu vita vifunge njia ya Uganda, mizigo mingi ya Kigali ilipitia Tanzania, na yeye alikaa barabarani zaidi kuliko nyumbani kwetu Kagarama, mtaa wa Kigali. Safari moja alirudi bila pasipoti. Alikuwa ameitia katika mfuko wa koti, koti akalitundika nyuma ya kiti hotelini. Alipomaliza kula, koti lilikuwepo, pasipoti haipo. Mpakani Rusumo alijieleza mpaka koo likamkauka.

Mama hakumgombeza. Alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cha rafia, kilichofumwa kwa nyuzi za majani, alichoachiwa na mama yake, bibi yetu, aliyezaliwa Kasai akaja kuolewa Bukavu. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kimejaa mistari myeusi inayopindana na kufungana kama ukindu. Sisi watoto tuliruhusiwa kukitazama, si kukigusa. Nilipomwona ameshika mkasi nikamdaka mkono.

"Nikate nguo ya mama? Una wazimu?" akasema. "Mimi nachukua mchoro tu."

Mkasi ulikuwa wa kukata kitambaa cha kaki. Akakitandika kipande cha kaki kando ya kile cha rafia, akaanza kudarizi, nami nikimtungia uzi kwenye sindano. Katikati, mistari iliyokuwa ikienda sawasawa iligeuka ghafla ikashika upande mwingine. Nikamwambia amekosea. Akacheka, akanionyesha kile cha bibi: nacho kiligeuka papo hapo.

"Walifuma hivi wenyewe," akasema. "Wakichoka na njia moja, wanashika nyingine."

Akatia zipu na mkanda, ukawa mkoba mdogo wa kufunga kiunoni, wa kutosha karatasi za safari. Baba aliugeuza mkononi.

"Ashwi!" akakataa kwa Kinyarwanda. "Madereva wenzangu watanicheka. Mwanaume mzima na mapambo kiunoni?"

"Basi vaa ndani ya shati," mama akamjibu.

Akavaa ndani ya shati. Lakini siku aliyorudi tulimwona anashuka kwenye lori mkoba uko nje, mchana kweupe. Alituambia kwamba alipokuwa Kahama, kwa mama ntilie mmoja, alifunua shati ili atoe hela ya chakula. Yule mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akamuuliza ameupata wapi huo, maana mama yake alikuwa akifuma vile huko Kasai, naye hajauona mchoro huo tangu aondoke kwao akiwa msichana. Aliomba kuushika. Baba akaufungua akampa, akala ubwabwa wake huku yule mwanamke akipitisha kidole kwenye nyuzi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanamke gani huyo wa kumfunulia shati?"

"Mama watoto, mtu mzima yule! Ameomba umshonee na yeye."

Mama akashona wa pili. Baba alipoomba apewe apeleke, mama akasema, "Nitaupeleka mwenyewe." Hakuwa amewahi kuvuka Rusumo. Tukaachwa kwa shangazi, na mama akapanda kichwa cha lori amevaa kitenge chake cha misa ya Jumapili.

Yaliyotokea Kahama tuliyapata kwa baba, aliyeyasimulia kwa malalamiko. Wale wanawake walitazamana, wakaanza na Kiswahili, mara wakahamia lugha ya Kasai ambayo yeye haijui. Mama aliijua kidogo tu, ya kuongea na mama yake, lakini siku hiyo ilimtoka yote. Walilia, wakacheka, wakaketi nyuma ya jiko wakichora mistari kwenye majivu kwa kijiti. Wateja walijipakulia wenyewe.

"Hata mimi nilijipakulia," baba akasema. "Hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba."

Mama alikuwa amerudi ananuka moshi na dizeli, mkono mmoja umeungua kwa jua, ule wa dirishani. Alikuwa ameketi mkekani, sisi tumemzunguka, anajaribu kukumbuka mchoro mpya aliofundishwa.

"Safari ijayo nakuacha nyumbani," baba akamtishia.

"Jaribu," mama akasema, bila kuinua macho.

Hakujaribu. Likizo iliyofuata nilimwona kwa macho yangu akimshika mama mkono na kumwinua kwenye ngazi ya lori, taratibu, kama mtu anayepakia vyombo vya udongo.