Kahawa ya Nyakerario

Nyakerario, mjane wa huku Suneka, alipalilia kahawa ya marehemu mumewe miaka kumi na minane. Kufikia 1993 kahawa ile haikumnunulia hata sabuni, basi akang'oa mistari miwili akapanda ndizi, wajukuu wapate kula. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa. Chifu akamkamata hata hivyo, maana kung'oa kahawa bila kibali ni kosa, hata shambani mwako.

Kortini aliuliza, "Mheshimiwa, nani amelalamika?"

"Mlalamikaji ni Jamhuri, mama," hakimu akajibu, akamwamuru aipande kahawa upya.

"Basi mwambieni huyo Jamhuri aje na jembe lake," akasema Nyakerario. "Miaka yote hiyo nimepalilia peke yangu."