Vigae Vinavyosubiri Geti

Ofisini walimwita Mama Mishale, kwa sababu ratiba ya ujenzi aliisoma kwa kidole, mshale kwa mshale, akiuliza kila kazi inasubiri kazi gani. Asubuhi hiyo kompyuta ilidai shule wanayoijenga itachelewa wiki sita, na injinia roho ilikuwa juu. Kidole kikasimama kwenye vigae vya madarasa: vilikuwa vinasubiri geti lipakwe rangi!

"Vigae na geti, wapi na wapi? Mpumbavu gani kauchora mshale huu?"

"Ni wewe, mama," injinia alijibu kwa upole.

Mama akaufuta. Wiki sita zikayeyuka palepale, injinia akashusha pumzi. Mama Mishale akacheka mpaka machozi.

"Bahati ya mpumbavu huyo ni mimi! Angekuwa mwingine, leo angenikoma."