Rita wa Ukutani

Nikiwa mtoto, mwanamke niliyemwogopa kuliko wote hakuwa na miguu. Fremu ilimkatia kiunoni. Alivaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi kichwani, ameshika msalaba, na katikati ya paji la uso alikuwa na kidonda chekundu ambacho niliamini kinanitazama hata nikihamia upande wa pili wa sebule. Ndiye Mtakatifu Rita. Mama alimnunua Goma, akamviringisha ndani ya kitenge, akavuka naye mpaka hadi nyumbani kwetu Gisenyi. Akamtundika juu ya meza ya kulia, mahali ambapo majirani zetu waliweka kalenda.

Baba alikuwa ameuawa miezi michache kabla. Alikuwa dereva wa lori. Huko Goma aligombana na mtu juu ya nani atangulie kupakia mzigo, na mtu huyo akampiga kwa chuma kichwani. Alifungwa, kisha akatoka, na sisi hatukuambiwa alitokaje. Tulichosikia ni kwamba anauza petroli kwenye madumu, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, na anacheka na wateja wake kama kawaida.

Mtu wa kwanza kuisifu ile picha hakuwa Mkristo. Mama Zaituni, jirani yetu fundi cherehani, aliingia kuchukua kipimo cha sketi yangu ya shule, akasimama na futi yake shingoni, akaitazama kwa heshima.

"Huyu mama iko mutu wa swala kabisa," akasema. "Angalia sijida yake pale ku uso. Haipatikani bure, hiyo."

Mumewe alikuwa na alama nyeusi kwenye paji la uso kwa miaka mingi ya kusujudu, basi kwake jambo lilikuwa wazi. Mama hakumsahihisha. Mimi nilifurahi mno, kwa kuwa mtu mwenye sijida hawezi kuwa mbaya, na kwa wiki nzima nilikula wali wangu chini ya picha bila kugeuza kiti.

Kisha Bibi akateremka kutoka Mudende na gunia lake la viazi. Alikuwa mama yake Baba, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeishi Masisi, huko Kongo, miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda. Alipoiona picha hakuketi.

"Mama Patrice, nani alikuletea hii?"

"Nilijinunulia, Mama."

"Unajua habari yake? Bwana yake balimuua. Batoto yake babili bakataka kulipiza. Yeye akapiga magoti, akaomba Mungu abakamate bakufe. Na bakakufa! Njo maana iko na ile kidonda. Mungu alimutia alama."

Alisema hayo mbele yangu na mbele ya kaka yangu Patrice. Kisha akanyoosha kidole kwa Patrice. "Toa hii picha mu nyumba ya mutoto wangu. Itakamata huyu."

Mama hakuitoa. Bibi, kila alipopita, aliigeuza ikatazama ukuta, na Mama, kila alipopita, aliigeuza ikatutazama sisi. Hawakugombana kwa maneno. Mimi niliyebaki sebuleni nikifanya hesabu za shule sikujua niombe mbele ya uso au mbele ya mgongo wa mbao. Usicheke. Kwa mtoto wa miaka tisa hilo ni swali zito.

Leo naelewa kilichokuwa kikiendelea, angalau nusu yake. Bibi alitaka mwanawe alipiziwe kisasi. Hakusema wazi, lakini alimpikia Patrice peke yake, akampa kiti cha Baba, akamwita kwa jina la Baba. Na Patrice, aliyekuwa karibu kumaliza sekondari, aliacha kucheza mpira na akaanza kunoa kisu ambacho hakikuwa cha jikoni. Alikificha juu ya dari. Sote tulijua, na sote tulikula pamoja kana kwamba hatujui.

Alasiri moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu. Nilikuwa nimejilaza nyuma ya kochi, na Mama aliingia akidhani sebule ni tupu. Akapiga magoti mbele ya picha. Mama alisali kwa Kinyarwanda kanisani, lakini mambo yake mazito aliyasema kwa Kiswahili cha Goma, ambako alikulia.

"Rita, we unajua. Kama iko lazima aue mutu, basi Mungu amukamate mbele. Nitamuzika mwenyewe. Lakini asiue."

Bibi alikuwa amesema kweli, na mama yangu, aliyeniosha miguu kila jioni, alikuwa amemwombea kaka yangu kifo. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Nilijaribu kusahau, nikashindwa zaidi.

Siku chache baadaye Patrice alianguka na homa.

Ilikuwa homa ya tumbo, ndivyo walivyosema kwenye kituo cha afya, nao walimpa dawa. Lakini haikushuka. Midomo yake ilipasuka, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Bibi alikaa mlangoni na kusema neno moja tu, "Nilisema," kila mara Mama alipopita na beseni. Mama Zaituni alileta uji, akakaa kitandani kumlisha kwa kijiko, akaniuliza kwa nini siendi kumwombea kaka kwa yule mama wa swala. Ningemjibu nini? Kwamba huyo huyo ndiye anayemchukua?

Mama alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa maua makavu ya waridi, yale yanayobarikiwa kanisani siku ya Rita na watu wakayapeleka nyumbani kwa ajili ya wagonjwa. Asubuhi moja aliyatia kwenye maji ampe Patrice anywe. Bibi akamnyang'anya kikombe, akamwaga maji uani. Nilidhani Mama atampiga. Badala yake alikwenda sebuleni, akaitoa picha msumarini, akaishika kwa mikono miwili usoni pake, na safari hii hakujali nani anasikia.

"Nimekataa! Unasikia? We ulikuwa mutakatifu. Mi niko mama yake tu. Murudishe!"

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake. Aliyasikia yote, na nafikiri hapo ndipo alipoelewa ni nini kilichoombwa kwanza, na kwa sababu ya nani. Aliketi sakafuni, yeye asiyeketi sakafuni, akalia kwa sauti. Kisha akaokota kikombe, akachukua maua yaliyobaki, akatengeneza maji mengine kwa mkono wake.

Homa ilishuka. Patrice hakuvuka mpaka. Kisu sikukiona tena. Kwa miaka mingi niliyapanga mambo haya kila namna na hayakupangika: kama Rita alisikia sala ya kwanza, mbona kaka alipona? Kama alisikia ya pili, mbona kisu nacho kilipotea? Niliwahi kumuuliza padri. Akaniambia Mungu ana njia zake, jibu ambalo ningeweza kujipa mwenyewe bila kupanga foleni.

Mwaka jana tulimzika Mama. Tulipogawana vitu vyake, Patrice, sasa mwenye mvi na duka la vipuri vya pikipiki, hakutaka kingine ila ile picha.

"Hiyo acha," nikamwambia. "Hujui Mama aliomba nini mbele yake."

"Najua. Siku ile ya mvua nilikuwa mu chumba. Mulango yetu ilikuwa pazia."

Niliketi chini.

"Nilikasirika sana," akasema. "Nilikamata kisu nikaenda. Nikafika karibu na barrière ya mpaka, nikawaza: mi nikivuka, wa kwanza kufa ni Mama. Nikakitupa mu ziwa, nikarudi. Homa ilinikuta nimeisha kurudi."

"Basi homa ilikuwa ya nini?"

"Ya maji machafu, Espe." Akacheka.

Sikucheka. Mpaka leo sina hakika kama nimejibiwa au nimechanganyikiwa upya.

Nilimsindikiza kwake. Alipokuwa akipigilia msumari, binti yake mdogo alinivuta kanga na kuuliza yule mwenye kidonda ni nani. Nilikuwa na jibu la Bibi, la Mama Zaituni na la padri, yote mdomoni kwa wakati mmoja.

"Ni mama," nikamwambia. "Alikuwa na watoto wawili wa kiume."

"Batoto biko wapi?"

Patrice hakugeuka. Aliinyoosha fremu kidogo, akarudi nyuma hatua moja kuitazama.

"Mumoja iko hapa," akasema.

Sidhani kama padri angelikubali jibu hilo. Mimi nililikubali, nikaenda kuosha uso kabla mtoto hajauliza lingine.