Safari ya Toshie Kabla Koo Halijafunga

Kuniaki Hirasawa nilifanya naye kazi ya kuendesha mabasi ya watalii hapa Nagaoka mpaka sote tukastaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Abiria wake walishuka kwenye mahekalu, wakapiga picha, wakala, wakarudi. Yeye alibaki nyuma ya usukani amejifunika kofia usoni, akilala.

Mkewe, Toshie, hakuwahi kupanda basi lake hata mara moja. Alishona nguo nyumbani, akamlea binti yao Chizuru, na kila siku akisema watasafiri mzee akistaafu. Mzee alipostaafu, misuli ya koo la Toshie ikaanza kulegea. Chai ilimpalia. Wali ulimpalia. Daktari hakuwaficha: ugonjwa ule hauna dawa, na itafika siku atalishwa kwa mpira tumboni.

Jioni ile ile Toshie alitandaza ramani mezani.

"Kanazawa, kamba wabichi," alisema. "Kyoto, tofu laini ya soya. Osaka, vile vitonge vya unga vyenye pweza ndani, vya barabarani. Halafu turudi nyumbani."

"Kyoto naijua," Kuniaki akasema. "Pale stendi ya mabasi, nyuma, kuna choo kisafi sana."

"Baba Chizuru, miaka yote hiyo Kyoto umeona choo tu?"

"Na kantini ya madereva."

Toshie alicheka mpaka akakohoa, na Kuniaki akainuka haraka kumshika mgongo.

Chizuru aliposikia alipiga simu kutoka Tokyo, amekasirika. "Baba, mama akipaliwa ndani ya treni utafanya nini? Wewe hata chai hujui kupika!"

Toshie akampokonya mumewe simu. "Mwanangu, hapa nyumbani pia napaliwa. Tofauti ni kwamba hapa napaliwa na uji." Kwa upande wa pili Chizuru akalia. Kesho yake alimtumia mama yake unga wa kufanya vinywaji viwe vizito visimpalie, pakiti nyingi kuliko siku za safari.

Waliondoka theluji ilipoanza kuyeyuka. Kanazawa mambo yalikwenda vizuri. Muuza samaki aliwakatakata kamba mpaka wakawa laini kama siagi, na Toshie akala kwa utulivu, amefumba macho.

Kyoto waliketi barazani kwenye hekalu moja, mbele ya bustani ya mawe na vimea vya kijani vilivyotanda kama zulia. Mbele yao watu walikuwa wakipita kimya, viatu mkononi. Kuniaki aliangalia kwa muda mrefu. Aliniambia baadaye kwamba alihisi aibu: watu wengi kiasi kile aliwafikisha mlangoni, na yeye mwenyewe hakuwahi kushuka kuuliza ndani kuna nini. Mchana walikula tofu ya moto. Toshie alimaliza bakuli lake na nusu ya bakuli la mumewe.

Osaka ndiko walikoshindwa. Toshie alitia kitonge kimoja cha pweza mdomoni, akatafuna sana, akameza. Hakikushuka. Uso ulimbadilika rangi. Mwenye kibanda aliruka meza yake, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka kikatoka. Watu walisimama. Kuniaki alikuwa ameganda na sahani mkononi.

"Twende hotelini," alisema.

"Tumefika hapa kwa ajili ya hiki," Toshie akajibu, machozi yakimtoka bado. "Kula wewe. Uniambie."

Kuniaki akala kimoja. "Kitamu."

"Kitamu vipi? Ndoa nzima hii, 'kitamu'!"

Akala kingine, taratibu. "Nje kimekauka kidogo. Ndani ni kama uji, unachoma ulimi. Halafu unamkuta pweza." Akafikiri. "Mbishi. Hataki kukatika. Kama wewe."

"Na mchuzi?"

"Mtamu mwanzo, halafu una uchachu kwa mbali."

Walisimama pale mpaka sahani ikaisha, yeye akila na kusema, mkewe akiuliza.

Majira ya joto yaliyofuata Toshie aliwekewa mpira. Tangu hapo Kuniaki hakula tena jikoni peke yake. Alipeleka sinia kando ya kitanda, akala huku akimweleza. Chizuru alikuja kukaa nao, akanisimulia kwamba alikuwa akisimama nje ya mlango kumsikiliza baba yake, kwa sababu hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo.

Toshie alifariki mwaka wa pili, mashamba yakipandwa mpunga. Baada ya kuchoma maiti tulikaa kwenye chakula cha msiba. Kuniaki alikula kila kilichowekwa mbele yake, polepole, bila kusema neno, na hakuna aliyemsumbua.