Waya Mrefu wa Breki

Breki, jina alilobandikwa kwa woga wake wa mwendo kasi, alistaafu udereva wa mabasi akiwa na mgongo mbovu na redio kubwa aliyoienzi kuliko gari lolote alilowahi kuendesha. Redio hiyo ilikaa sebuleni, palepale macho ya mgeni yanapotua, na mgeni asiyeisifia aliambulia chai baridi.

Mkewe alipougua akawa mtu wa kitandani, Breki aliumia sana. Walizoea kusikiliza muziki pamoja. Akamwekea spika mbili chumbani, zile zenye umeme wake zenyewe, akavuta waya kutoka sebuleni, ukapita koridoni nyuma ya friji hadi kitandani. Yeye akabaki kwenye kochi lake akichagua nyimbo. Kuhamisha redio hakukumjia hata akilini.

Muziki ulifika, ila ulifika na mvumo, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mkewe hakulalamika, lakini alianza kuomba spika zizimwe mapema. Breki akaona asipoutafutia dawa mvumo ule, mama wa watu atabaki na ukimya.

Akaenda dukani kutaka waya wa pini tatu, ule wa wanamuziki wa jukwaani, usionasa mvumo hata ukienda mbali.

“Spika zako zinaupokea, baba,” alisema dada muuzaji. “Redio nayo ina tundu lake?”

“Ina yale madogo ya mviringo. Si utanipa adapta, binti?”

“Nitakuuzia, lakini mvumo utabaki palepale, maana kinga ya waya huo huanzia kwenye tundu la redio, si kwenye adapta. Waya ulio nao hauna ubaya, ni mrefu tu. Ufupishe.”

Njia nzima alinuna. Kuufupisha maana yake redio ihame, na sebule ibaki kama kinywa kilichong'oka meno. Aliingia nyumbani bado anabishana na nafsi yake, akamsikia mkewe akikohoa peke yake kule ndani. Ubishi ukamwishia.

Akaibeba redio kipande kipande, mgongo ukimlaani, akaipanga kwenye meza ya dawa kando ya kitanda. Waya mfupi wa kawaida ukatosha. Gitaa likalia safi, bila nyuki hata mmoja.

“Mvumo umekwisha, mama watoto. Unasikia?”

“Nasikia.” Mkewe alijisogeza ukutani kumpisha. “Mvumo nilikuwa nauvumilia, baba watoto. Kusikiliza peke yangu ndiko kulikonishinda.”

Breki akavua viatu, akapanda kitandani, akalia.