Mpini wa Jembe na Mkanda wa Mgongo

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aliyenivunja mgongo. Tuligombania mpaka wa shamba la marehemu baba huko Misima. Mimi nilisema mpaka ni mkorosho, yeye akasema ni mfereji. Nikamtukana mbele ya wanawe. Nilipompa kisogo alinipiga jembe mgongoni, nikasikia mlio kabla ya maumivu. Nikala udongo. Akapiga tena mpaka jembe likachomoka kwenye mpini, akautupa mpini akaenda zake. Mke wangu akauokota.

Hospitalini Korogwe nilifungwa mkanda mgumu kuanzia kifuani hadi nyonga. Binti wa mazoezi ya viungo akanisimamisha.

"Babu, mtu hatembei kwa miguu tu. Mguu wa kulia ukienda, bega la kushoto linaufuata, kiuno kinajisokota katikati. Sasa kiuno tumekifunga. Hatua zitakuwa fupi, usizilazimishe. Ukitaka kugeuka, geuka kwa miguu, mwili mzima."

Nikarudi nyumbani nikitembea kama kabati linalohamishwa. Vijana wa bodaboda waliniamkia kwa kicheko.

"Shikamoo mzee! Leo umemeza ufagio?"

"Marahaba. Nimemeza hasira."

Sikuwa natania. Ule mpini niliufanya fimbo yangu. Kila baada ya swala ya alfajiri nilijizoeza kutembea nao, ulimi ukileta dhikri, moyo ukihesabu mbavu za ndugu yangu. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa mvumilivu sana katika ubaya ule.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilimkuta peke yake shambani akifyeka, kanipa mgongo. Nilimwendea kwa vile vihatua vyangu vifupi. Nikauinua mpini kwa mikono miwili, nikaushusha kwa nguvu zangu zote.

Lakini kupiga nako kunataka kiuno, kama kutembea. Mikono ilikwenda, mwili ukagoma kujisokota, mpini ukapita hewani na kunivuta. Nikaanguka mzima mzima kama mlingoti wa mkonge. Paji la uso likapasuka juu ya jiwe.

Aligeuka na panga juu.

"Kaka! Umekuja kuniua?"

"Ndiyo."

"Na Ijumaa hii?"

"Nimetoka kuswali."

"Sasa kwenye sijida uliomba nini?"

Damu iliniingia jichoni. Panga lilikuwa juu ya shingo yangu, nami sikuweza hata kujikunja. Nikatoa shahada. Alipoisikia, akalichoma panga ardhini, akanidaka mkono.

"Usivute! Nibiringishe kwanza kama gogo, halafu sukuma bega."

"Hata hapo chini unatoa amri," alisema, huku analia.

Akanibiringisha, akanisukuma, nikasimama, akaniokotea mpini. Mwanzoni alinikokota, kisha akajifunza kufupisha hatua zake zilingane na zangu. Tulipofika mkorosho akasema, "Mpaka ni mfereji."

"Ni huu mkorosho," nikasema, nikaendelea kumwegemea.

Alhamdulillahi kwa mkanda ule. Uliuzuia mkono wangu siku ambayo imani yangu ilishindwa.

Alinikalisha barazani kwangu, akamwita mke wangu alete maji ya kunisafisha damu. Kisha akauchukua mpini, akaenda nao kwake. Sikumwomba anirudishie.