Nafasi ya Kusalimia Watu

Mume wangu aliponitangazia kwamba atagombea ubunge wa jimbo, nilikuwa nakaanga vitunguu, na niliendelea kukaanga. Chama chenyewe kilikuwa kidogo, hakijawahi kupata kiti upande wetu wa Rexdale, huku ughaibuni, na mgombea wake aliyetangulia hakuna aliyemkumbuka hata kwa sura. Nilimwambia kushindwa atashindwa tu, na baridi ya Februari haimhurumii mtu anayebisha hodi kwenye milango ya watu.

Lakini nilijua kilichomsukuma. Mwaka uliotangulia mtoto wetu wa mwisho alilazwa, mume wangu akakaa naye hospitali badala ya kwenda kazini ghalani. Wakala aliyekuwa akimpa kazi hakumpigia simu tena. Hakugombana na mtu. Alichotaka ni kusimama mahali ambapo wakubwa hawana budi kusikiliza, awaulize mbele ya watu: kwa nini mfanyakazi wa ghala, au anayetunza wazee, akiuguliwa na mtoto apoteze mshahara na pengine kazi yenyewe? Kushinda hakukuwa kwenye mawazo yake.

Wakenya wenzetu walimpandisha cheo siku hiyohiyo. Kanisani akawa Mheshimiwa, dukani akawa Mheshimiwa, na jamaa mmoja akamuuliza kwa uso mkavu leso na sukari za kampeni, kama za wanasiasa wa nyumbani, zitaanza kugawanywa lini. Yeye alicheka. Mimi nilinuna, maana Mheshimiwa huyo bado alikuwa na zamu yake ya kuosha vyombo.

Kisha wakazi wa mtaa wakaandaa mdahalo katika ukumbi wa jumuiya. Ujumbe ulikuja kwa adabu nyingi: jukwaani wataketi wagombea wa vyama vyenye viti bungeni peke yao, yeye anakaribishwa sana, miongoni mwa watazamaji. Aliusoma, akalaza simu kifudifudi, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nikashikwa na hasira iliyonishangaza mwenyewe. Mimi ninayo ruhusa ya kumcheka mume wangu. Wengine hawana.

Sasa, waandaaji haohao walikuwa wameomba kikundi chetu cha akina mama kipike chakula cha kuwakaribisha watu kabla ya mdahalo. Nilimpigia mwenyekiti wetu, mama wa Kisii asiyeinua sauti hata akiudhiwa, nikamweleza yote.

"Wacha tu," akasema. "Chakula si ni chetu?"

Siku ilipofika, pilau ikiwa imefunikwa na mandazi yakinukia hadi mlangoni, mwenyekiti alimwendea mwandaaji, bibi mstaafu mpole sana. Akamweleza kwamba kwetu chakula hakipakuliwi kabla mtu wa nyumbani hajasimama kuwasalimia wageni. Ni kusalimia tu. Bibi aliguswa na mila hiyo, akamkabidhi mume wangu maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe.

Maskini bibi, hakuwahi kuhudhuria harusi ya Kikenya. Hakujua kwamba mtu wetu akipewa nafasi ya kusalimia, watoto hulala na maharusi husinzia.

Mume wangu alianza na salamu za nyumbani, tukaitikia. Akawasalimia wazee, akina mama na vijana, akatambua kuwapo kwa wagombea watatu wa jukwaani, mmoja baada ya mwingine, kama itifaki inavyotaka. Halafu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akaingia kwenye habari ya mtoto aliyelazwa. Bibi alitazama saa, akatazama masufuria. Nyuma ya meza sisi tulikuwa tumekunja mikono, na hakuna aliyegusa kifuniko. Mgombea mmoja alikuwa ameshika sahani tupu, akaendelea kuishika.

Alipomaliza kusalimia, aliuliza swali lake, akarudi safu ya nyuma. Ndipo tukapakua. Nilijivunia mpaka nikamjazia mtu pilau sahani ikafurika.

Mdahalo ulipoanza, swali la kwanza lilihusu barabara. Kabla halijajibiwa, mama mmoja Mkongomani, bado amevaa sare ya nyumba ya kutunzia wazee, alisimama na kusema kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kifaransa kwamba barabara zitangoja. Yule baba aliuliza swali, naye ajibiwe kwanza. Ukumbi ukapiga makofi. Wakajibu wote watatu, mmoja vizuri, wawili vibaya, na kila mmoja alilazimika kunyoosha shingo kumtafuta mtu aliyeketi nyuma.

Kura zilipohesabiwa alishika mkia, kama nilivyotabiri. Nilijiandaa kumfariji, nikamkuta anapiga pasi shati la kazi huku akipiga mluzi.

"Mama watoto," akaniambia, "walinijibu. Si uliwaona?"

Niliwaona.